Riwaya yangu, kitabu chake: namna ya kusoma ukiwa na mtoto mdogo

Kabla sijajifungua nilikuwa nameza riwaya mbili za mapenzi kwa wiki, nimejilaza chini ya feni. Sasa binti yangu ana miaka mitatu, na riwaya niliyoianza Ramadhani bado iko ukurasa wa 40. Ikabidi nibadili mbinu.

Kwanza vitabu. Vya picha vipya ni ghali, na mtoto huvichana. Pita kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, Dar es Salaam. Chagua vyenye kurasa ngumu, na ukague kama hakuna ukurasa ulionyofolewa. Hadithi za bure zipo kwenye tovuti ya African Storybook, nyingine kwa Kiswahili: unapakua, unachapisha steshenari, unabana kwa pini, kisha unafunika pini kwa selotepu zisimchome.

Kwenye kusoma, usikimbilie maneno. Mwache afungue kurasa mwenyewe. Muulize, "Kuku yuko wapi?" Akijibu, "Ameenda sokoni," wakati kuku wa watu amelala hapo kwenye picha, mfuate hukohuko sokoni. Akitaka kitabu kilekile mara ya tano, soma. Mimi hubadili sauti nisisinzie. Fisi wangu anaongea kama konda wa daladala.

Riwaya yako nayo usiitupe. Iweke jikoni, mbali na sinki. Maharage yakichemka unapata kurasa sita. Akikung'ang'ania umsomee na hiyo, ruka sehemu za mahaba. Mimi humwambia wanajadili mahari.