Bakshishi, meza na mshahara wa wahudumu: mwongozo wa familia inayopanda meli ya kitalii

Nauli inayotangazwa ya meli ya kitalii hulipia chumba, chakula cha kawaida na safari yenyewe. Mshahara wa watu watakaowatandikia vitanda na kuwaandalia meza haumo wote humo. Sehemu kubwa hutozwa kando kama bakshishi, kila siku, kwa kila kichwa, na familia nyingi hushtuka usiku wa mwisho bili inapotoka. Hapa tunazungumzia hasa safari za Karibi zinazoanzia Miami, Port Canaveral au Galveston, ambazo ndizo jamaa wengi wanaoishi Marekani na Kanada huzikata.

Piga hesabu kabla ya kulipa amana

Kampuni kubwa za soko la Marekani hutoza takriban dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku katika chumba cha kawaida, na zaidi ya hapo katika vyumba vya kifahari. Kiwango hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma cha kampuni yako siku unayokata tiketi. Mtoto wa miaka mitano hutozwa sawasawa na babu yake. Wachanga ndio husamehewa, tena si kila mahali: Carnival, kwa mfano, haiwatozi walio chini ya miaka 2.

Chukua baba, mama na watoto wawili, siku 7, kiwango cha dola 18.50. Hiyo ni 18.50 mara 4 mara 7: dola 518. Fedha hizi hazionekani kwenye tangazo. Na tangazo la "watoto wasafiri bure" ndilo linalonasa wengi zaidi, kwa sababu bure hiyo ni ya nauli tu. Kodi, ada za bandari na bakshishi za watoto hao mtalipa zote.

Ukiweza, lipa bakshishi mapema pamoja na nauli. Mara nyingi anayelipa mapema huepuka nyongeza itakayotangazwa baadaye, na bili ya melini hubaki ya vinywaji na matembezi peke yake.

Anayepanda Southampton huenda asihitaji hesabu hii. P&O Cruises ya Uingereza iliacha kutoza bakshishi ya kila siku mwaka 2019, na Marella huijumuisha kwenye nauli. Lakini meli ya kampuni ya Kimarekani ikitia nanga Southampton hutoza kama kawaida yake, kwa hiyo angalia kampuni badala ya bandari.

Tozo ya pili, iliyo kwenye risiti

Kila kinywaji kinachouzwa huongezewa asilimia 18 hadi 20 ya huduma, hata kama ni sharubati ya mtoto yenye kijiti cha mwavuli. Mikahawa ya kulipia na saluni hufanya vivyo hivyo. Sasa tazama risiti unayoletewa utie sahihi: asilimia 18 imeshaandikwa juu, na chini yake kuna mstari mtupu wa kuongeza bakshishi. Mgeni asiyesoma hujaza 15 au 20 nyingine. Si kosa kuongeza dola moja kwa mtu aliyekuhudumia vizuri, ila ongeza ukijua.

Maji, chai, kahawa ya kawaida na maji ya matunda ya asubuhi huwa bure. Soda hailipiwi na nauli kwenye meli nyingi. Kwa familia ya wanywaji soda, njia rahisi ni kubeba zenu: Carnival na Royal Caribbean huruhusu kila mtu kupanda na kopo 12 siku ya kwanza, kwenye mzigo wa mkononi. Ukizitia kwenye sanduku linalokabidhiwa wapakizi, huenda sanduku likazuiliwa na ukaitwa ukalifungue. Kuhusu vifurushi vya pombe, kampuni nyingi hushurutisha watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, hivyo mume anayekunywa na mke asiyekunywa watalipa viwili.

Jambo jingine ni kadi. Siku ya kupanda, meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi mliyosajili, na huendelea kuzuia kadiri mnavyotumia. Kwa kadi ya mkopo hutahisi kitu. Kwa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, fedha zilizozuiliwa hukaa siku kadhaa baada ya safari kabla ya kuachiwa, na kodi ya nyumba ikifika wiki hiyo utakuta akaunti haina kitu. Kama huna kadi ya mkopo, weka fedha taslimu mapokezi siku ya kwanza.

Bakshishi hiyo huenda kwa nani

Disney hueleza waziwazi: kiwango cha kila siku hugawiwa watu wanne, yaani mhudumu wa meza, msaidizi wake, mkuu wa wahudumu na mhudumu wa chumba. Royal Caribbean hukigawa kwa wa mezani, wa vyumba na watu wengine wa upande wa hoteli ambao hamtawaona. Norwegian hukiita ada ya huduma na kukipitisha kwenye mipango ya motisha ya wafanyakazi.

Mhudumu wa kawaida huwa na mkataba wa miezi 6 hadi 9, siku 7 kwa wiki, mara nyingi saa 10 au zaidi kwa siku. Malazi, chakula na matibabu ya melini ni juu ya kampuni. Meli zenyewe zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, kwa hiyo sheria ya kima cha chini cha mshahara ya Marekani haimhusu. Kinachomlinda ni Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Unataka angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Mapumziko ya siku hayaruhusiwi kukatwa zaidi ya vipande viwili, na kimoja lazima kifike saa 6. Ndiyo maana mhudumu aliyewapa kifungua kinywa hutoweka adhuhuri na kuibuka jioni: amekwenda kulala kipande chake.

Kwa hiyo ukienda mapokezi kufuta bakshishi, unampunguzia mtu mshahara wake. Kampuni nyingi hukuruhusu kuipunguza au kuifuta kabla ya kushuka, na baadhi ya wageni huifuta wakidai watatoa taslimu mkononi. Hesabu hiyo haitoki wanavyodhani. Kwanza, wafuaji nguo, waosha vyombo na wasaidizi wa jikoni hawapati kitu. Pili, katika baadhi ya kampuni mhudumu aliyepewa taslimu na mgeni aliyefuta bakshishi hutakiwa kuiingiza kwenye mfuko wa pamoja. Ushauri wetu ni mmoja: iache ilivyo, na ukitaka kumzawadia mtu, mwongeze juu yake.

Meza: amueni mapema, rekebisheni siku ya kwanza

Chumba kikuu cha mlo huwa na zamu mbili za usiku: ya kwanza kama saa 11 na nusu jioni, ya pili kama saa 2 au saa 2 na nusu usiku. (Programu ya meli itaandika 5:30 na 8:15; mkumbushe bibi asije akaenda kula saa 5 na nusu usiku.) Njia ya tatu ni kula wakati wowote, ambayo Royal Caribbean na Carnival wanayo. Inavutia, lakini mwaweza kupata mhudumu mpya kila usiku na kusubiri foleni saa 1 jioni.

Kwa familia yenye watoto chini ya miaka 10 tunapendekeza zamu ya kwanza. Mhudumu huwa ni yuleyule, na kufikia usiku wa tatu anajua kwamba mdogo hali chochote chenye mchuzi, na anamletea wali mtupu kabla hajaanza kulia. Disney wana mpango wao: kila meli yao ya Karibi ina mikahawa mikuu mitatu, mnazunguka kila usiku, na wahudumu wenu wanahama pamoja nanyi. Hapo hata zamu ya pili inawezekana, kwa kuwa walezi wa klabu ya watoto huja mezani kuwachukua watoto wakishamaliza kula.

Kama mmepangiwa zamu msiyotaka, au meza ya watu kumi mkiwa wanne, msingoje usiku. Nendeni mchana wa siku ya kupanda, mara tu mkiingia melini, mkamwone mkuu wa wahudumu mlangoni mwa chumba cha mlo. Wakati huo bado ana meza. Kesho yake amebaki na pole tu.

Kuagiza vianzio viwili au vitindamlo viwili si aibu wala hakuna malipo. Mlo mkuu wa ziada ndio wa kuulizia. Carnival hutoza kuanzia wa tatu.

Halali, mzio na tumbo

Kama mnakula halali, msingoje mfike mezani. Ijulisheni kampuni kwa maandishi angalau siku 45 kabla, au 90 kama meli inaanzia nje ya Marekani, na mwulize swali lenyewe: nyama ina cheti cha halali, au wanamaanisha tu kwamba haina nguruwe? Ni majibu mawili tofauti, na kampuni nyingi hutoa la pili. Usiku wa kwanza zungumzeni na mkuu wa wahudumu. Ataweza kuwaletea kila jioni menyu ya kesho mchague, jiko liandae peke yake. Vya kuangalia kwenye bufee ni maharage yaliyopikwa na nguruwe, sosi zenye mvinyo, na vitindamlo vya jeli. Meli nyingi hupika mlo wa Kihindi usio na nyama usiku ukiomba: dengu, wali, mchuzi wa mboga. Kwa kweli mara nyingi ndicho chakula chenye ladha kuliko vyote mezani.

Mwenye mzio wa karanga au maziwa afuate njia hiyohiyo, na aepuke bufee, ambako kijiko kimoja husafiri sahani tano.

Kuhusu kuharisha: kirusi cha noro hakiuawi vizuri na dawa ya kupaka mkononi. Osheni mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula, hata kama mlangoni kuna mtu anayenyunyiza dawa. Mtoto akianza kutapika, piga simu zahanati ya meli badala ya kumficha chumbani.

Chumbani

Mhudumu mmoja hushika vyumba kama 20. Baada ya korona kampuni nyingi zimepunguza usafi kutoka mara mbili kwa siku hadi moja, nanyi mnachagua asubuhi au jioni. Chagueni jioni kama watoto hulala mchana; chumba kitakuwa na vitanda viwili vya kushushwa kutoka darini, na vikishushwa hakuna pa kupita.

Siku ya kwanza mwambie mambo yote kwa mara moja: vitanda vya juu vishushwe saa ngapi, kitanda cha mtoto mchanga, barafu, taulo za ziada. Ombi moja lenye mambo manne humwokolea safari tatu. Tazama beji yake. Kwenye meli nyingi huandikwa jina na nchi, na siku hizi Kenya si nadra, maana chuo cha mabaharia cha Bandari kule Mombasa kimeandaa vijana kwa kazi hizi. Anayetamani kazi hiyo nyumbani ajue kwamba Mkataba wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama halali kwake ni pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha baharia. Anayedai "fedha ya kukushikia nafasi" ni tapeli.

Huduma ikiwa mbaya, sema siku hiyohiyo, kwanza kwa mhusika, kisha kwa mkuu wake. Kukata bakshishi siku ya mwisho hakurekebishi godoro la siku ya pili. Ikiwa nzuri, andika jina lake kwenye kadi ya maoni au kwenye dodoso linalokuja kwa barua pepe, pamoja na namba ya chumba. Majina hayo husomwa mikataba na vyeo vinapogawiwa.

Bahasha na usiku wa mwisho

Beba noti za dola 1, 5 na 10 kutoka nyumbani. Wachukuzi wa mizigo pale bandarini ni wafanyakazi wa bandari, si wa meli, nao hawamo kwenye tozo ya kila siku. Dola 1 au 2 kwa sanduku ni kawaida. Walezi wa klabu ya watoto nao mara nyingi hawamo, na kwenye kampuni nyingine hawaruhusiwi kupokea fedha, kwa hiyo ulizeni kwanza. Klabu yenyewe ni bure mchana na jioni, ila baada ya saa 4 usiku meli nyingi hutoza kwa saa.

Bahasha ya ziada kwa mhudumu wa chumba au wa meza mpe mkononi, usiku wa mwisho na si asubuhi, kwani asubuhi anageuza vyumba kwa wageni wapya na huenda usimwone. Usitie sarafu wala fedha za nchi nyingine. Sarafu hawezi kuzibadilisha popote.

Kisha fungueni bili kwenye programu au kwenye televisheni ya chumba kabla ya kulala. Tafuteni vitu vitatu: bakshishi iliyotozwa tena ingawa mlilipa mapema, kinywaji cha chumba jirani, na vitafunio vya jokofu la chumbani ambavyo watoto walivifungua. Kosa likiwapo nendeni mapokezi usiku huohuo, hata saa 5, maana asubuhi foleni huzunguka ukumbi na tayari kadi imeshakatwa.