Mnarudi Disney World? Acheni siku moja bila tiketi

Familia inayorudi Walt Disney World, Florida, mara ya pili au ya tatu, inunue tiketi pungufu kwa siku moja. Siku hiyo nendeni Animal Kingdom Lodge, hoteli iliyofunguliwa 2001. Kutazama twiga na pundamilia kwenye vibaraza vya nje hakulipiwi, hata kama hamjalala hapo. Fikeni asubuhi na mapema au saa moja hivi kabla ya jua kuzama. Mchana wa joto wanyama hujificha kivulini na watoto huchoka kungoja.

Hakuna basi la moja kwa moja kutoka hoteli nyingine, na hapa ndipo wengi hupoteza muda. Pandeni la kwenda bustani yoyote ya burudani ya Disney iliyo wazi, kisha mbadilishe hapo mpande la kwenda Lodge. Mkienda na gari, mlinzi getini huweza kuwauliza kama mmehifadhi meza ya chakula, hivyo ihifadhini siku 60 kabla. Mgahawa wa Sanaa, ulio Kidani Village, sehemu mojawapo ya hoteli hiyo, ndio bora: ombeni meza ya dirishani, muagize mikate na michuzi yake tisa. Kisha waacheni watoto wasome majina ya Kiswahili ya sehemu za hoteli: Jambo, Boma, Uzima. Kwa mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Marekani, hiyo ni furaha ya pekee.