Kupanda mlima pekupeku: anza hivi usije ukaumia

Mi napanda Uluguru pekupeku, kutoka mjini Morogoro mpaka Morningside pale kwenye jengo la zamani la Wajerumani, na kila nikishuka lazima nikutane na mtu ananiuliza nimefanyaje mpaka miguu ikazoea. Sa naandika yote hapa. Kitu wengi hawakijui ni kwamba ngozi ya unyayo siyo shida, ngozi inazoea mapema tu, inayochelewa ni misuli na mishipa, maana mguu mmoja una mifupa 26 na miaka yote umeifungia ndani ya raba, ukiiamsha kwa siku moja itakulipizia.

Kama una kisukari au miguu inakufa ganzi, hii kitu usifanye kabisa, kidonda usichokisikia ndo kinachokatisha watu miguu. Wengine, hakikisheni chanjo ya pepopunda iko sawa, kama miaka 10 imepita tangu ile ya mwisho nenda kituo cha afya kwanza.

Hatua ya 1: uani. Wiki mbili za mwanzo dakika 10 mpaka 15 kwa siku, hapohapo nyumbani. Vigimbi vikiuma kesho yake ni kawaida, ila ukisikia maumivu yamekaa sehemu moja juu ya mguu, kati ya vidole na kifundo, ukibonyeza unaruka, acha, usijikaze. Mi nilijikaza. Wiki ya pili tu nikaenda kutembea masaa matatu mlimani, nikaja kuchechemea mwezi mzima.

Hatua ya 2: jifunze kunyata. Hii ndo yenyewe. Siku moja napanda nikapishana na mama mmoja wa Kiluguru anashuka na tenga la mboga kichwani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia akanitazama miguu alafu akasema, "Mwanangu, mbona unaupiga mlima mateke? Nyata." Nikamwangalia anavyoshuka yeye, hatua fupifupi, magoti yamelegea, mguu unatua kwa mbele au wote bapa, kisigino kinakuja baadae taratibu, na uzito hauuweki mpaka mguu umeshaonja pale chini kuna nini. Kukiwa na jiwe anahamisha tu, wala hashtuki. Ukivaa viatu unatua na kisigino kwa nguvu kwa sababu kuna soli, ukivua ukaendelea hivohivo utaumia goti mpaka kiuno. Fanya zoezi: tembea mpaka usisikie mlio wa hatua zako mwenyewe. Ukisikia pa pa pa, bado.

Hatua ya 3: panda ngazi ya ardhi. Anza na njia ya udongo iliyokanyagwa vizuri, alafu mizizi na mawe makubwa, kokoto iwe mwisho kabisa. Watu wanakimbilia mchanga laini wa beach wakidhani ni rahisi, unazama, vigimbi vinafanya kazi mara mbili. Lami saa saba mchana usiiguse, inababua.

Hatua ya 4: macho. Angalia hatua mbili tatu mbele, ukitaka kuangalia mandhari simama kwanza. Usikanyage kwenye majani usiyoyaona ndani, humo kuna mbigiri, chupa, na nyoka pia. Uluguru udongo una vipande vya ulanga, yale madini ya mica, vinang'aa juani, mwanzoni nilikuwa nakwepa kila kitu nadhani kioo, siku hizi najua: ulanga umelala bapa kama karatasi, chupa ina kona.

Hatua ya 5: begi. Ndala au sendo, kibano cha kutolea miiba, spiriti, plasta, sabuni. Ndala zina kazi: ukipita penye takataka au karibu na banda la nguruwe penye vumbi, vaa, hapo ndo kwenye funza. Udongo mbichi wa kivulini ambapo watu wanajisaidia vaa pia, minyoo ya safura inapenya kwenye ngozi nzima isiyo hata na mchubuko, unaweza usiisikie ikiingia.

Hatua ya 6: ukirudi. Osha kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, alafu angalia kila kidole kwa tochi. Ukiona kidoa cheusi kimezungukwa na weupe na kinawasha, huyo ni funza, tafuta anayejua kumtoa kwa sindano safi, na sindano msichangie. Magaga sugua kwa jiwe upake mafuta ya mgando usiku, ila sugu usiimalize yote maana ndo soli yako.

Safari ya kwanza ya mlimani nenda asubuhi, masika ikishaisha na njia imekauka, udongo ule ukilowa ni kama sabuni. Na panda peku lakini shuka na viatu. Najua utajisikia vizuri kule juu utataka kushuka hivohivo, usifanye, kushuka ndo kunakula miguu kuliko kupanda, kila hatua uzito wote unaangukia mbele na wewe umeshachoka huangalii tena. Mi nilipanda hivyo mara sita kabla sijaanza kushuka peku, na hata hiyo mara ya saba nilivaa ndala kwenye yale mawe ya karibu na mjini.