Mhamiaji anayetaka umeya, kisha Kongresi ya Marekani: aanzie wapi

Karatasi ya kwanza kuitazama ni cheti cha uraia, na cha muhimu humo ni tarehe. Katiba ya Marekani inataka mjumbe wa Baraza la Wawakilishi awe ametimiza miaka 25, awe raia kwa miaka 7, na siku ya uchaguzi awe mkazi wa jimbo (yaani “state”, kama California au Kansas) anakowania kiti. Seneti, chumba cha pili cha Kongresi, ni umri wa miaka 30 na uraia wa miaka 9. Urais hauna nafasi kwa aliyepata uraia kwa kuomba, kwa hiyo usiutie kwenye hesabu.

Miaka hiyo 7 huhesabiwa hadi siku ya kukalia kiti, na Kongresi mpya huanza Januari 3 kila baada ya miaka miwili. Aliyeapa uraia Desemba 2027 anaweza kuingia Januari 2035. Aliyeapa Februari 2028 atangoja Januari 2037. Ndiyo maana kuchelewesha fomu ya uraia ni gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwenye grini kadi (kibali cha ukazi wa kudumu) huruhusiwa kuomba baada ya miaka 5 (3 kama ameolewa au ameoa raia na wanaishi pamoja), na fomu N-400 inaweza kupelekwa siku 90 kabla muda huo haujatimia. Kinachowaangusha wengi ni safari za nyumbani. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, ni juu yako kuthibitisha kwamba hukuhama. Ukifika mwaka, hesabu inakatika. Mtanzania na Mkongomani wajue pia kwamba sheria za kwao haziruhusu uraia pacha. Mkenya anaruhusiwa tangu Katiba ya 2010.

Kabla ya kuapa, usipige kura, hata ya bodi ya shule. Hatari huanzia kwenye kaunta ya leseni ya udereva: mashine inauliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura, mtu anabonyeza ndiyo akidhani ni sehemu ya fomu. Kujiandikisha kwa kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini, na huwezi kujitetea kirahisi kwa kusema hukujua. Novemba 2025 meya wa mji mdogo wa Coldwater, Kansas, alifunguliwa mashtaka ya kupiga kura ilhali ni mkazi wa kudumu tu.

Umeya sasa. Uliza kwanza ni umeya wa aina gani, maana cheo ni kimoja lakini madaraka hayafanani. Katika miji mingi mkurugenzi wa jiji aliyeajiriwa ndiye anayeendesha kazi, na meya huongoza vikao vya baraza. Kuna miji ambako madiwani humchagua mwenzao: Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, alichaguliwa meya wa South Portland, Maine, mwaka 2021 na madiwani wenzake, kisha 2022 akaingia bunge la jimbo. Kwa anayeitazama Kongresi, umeya wa kura za wananchi wote wa jiji una uzito zaidi, kwa sababu unakuachia wapiga kura wanaolijua jina lako.

Udiwani ndiyo ngazi ya kawaida ya kuufikia. Robert Garcia, aliyezaliwa Lima, Peru, na kuletwa Marekani akiwa na miaka 5, alishinda udiwani Long Beach, California, mwaka 2009, umeya 2014, akarudi tena 2018. Carlos Giménez, mzaliwa wa Havana, alipitia njia ndefu zaidi: zimamoto wa Miami, mkuu wa zimamoto, meneja wa jiji, kamishna (yaani diwani) wa kaunti, kisha meya wa kaunti ya Miami-Dade kuanzia 2011.

Kisha subiri kiti kiachwe wazi. Hapa ndipo wenye haraka huumia. Wilaya ya uchaguzi ya Kongresi ina watu wapatao 760,000, na mwenye kiti ana jina, pesa na chama. Albio Sires, mzaliwa wa Cuba, alijaribu Kongresi 1986 akashindwa. Akawa meya wa West New York, New Jersey, mwaka 1995, na alipata kiti 2006 baada ya Bob Menendez, aliyekuwa na kiti hicho, kupandishwa Seneti. Garcia naye alisubiri mipaka ichorwe upya na wajumbe wawili wa eneo lake watangaze kustaafu; aliingia Januari 2023. Giménez alimwangusha mwenye kiti 2020, ila alikuwa na miaka tisa ya umeya wa kaunti yenye zaidi ya watu milioni mbili.

Fedha ndizo zitakazokuweka matatani. Ukishakusanya au kutumia zaidi ya dola 5,000, una siku 15 za kujiandikisha FEC, Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, na kamati yako ya kampeni siku 10 baada ya hapo. Bila mweka hazina, kamati hairuhusiwi kupokea wala kutumia senti. Kwa msimu wa 2025–2026 mtu mmoja anaruhusiwa dola 3,500 kwa mchujo na nyingine 3,500 kwa uchaguzi mkuu. Noti mkononi mwisho dola 100. Pesa zilizobaki kwenye kampeni ya umeya huwezi kuzihamishia kampeni ya Kongresi. Inabidi uwaombe wachangiaji upya.

Halafu kuna mazoea yetu ya harambee. Mjomba aliye Mombasa au Lubumbashi, kama si raia wa Marekani wala hana grini kadi, haruhusiwi kuchanga hata dola 10, hata kwa udiwani. Na kundi la WhatsApp linapokusanya kwa watu kumi kisha mmoja akatuma dola 2,000 kwa jina lake, huo ni mchango kwa jina la mtu mwingine, nao ni kosa la shirikisho. Kila mtu atume mwenyewe, jina na anwani yake. Akipita dola 200, na kazi yake na mwajiri.

Mwisho, soma sheria ya jimbo kabla ya kutangaza nia. Arizona na Florida zina masharti ya kujiuzulu kwa anayewania kiti kingine, na wakati wa kujiuzulu hutofautiana. California ada ya kugombea ni asilimia 1 ya mshahara wa mjumbe, yaani dola 1,740, pamoja na saini za wadhamini 40 hadi 60. Peleka saini zote 60, kwa kuwa msajili hukata jina la yeyote ambaye hajaandikishwa ndani ya wilaya hiyo.