Kupima damu kwa katriji ya DNA: anzia kitandani, siyo kwenye mashine

Mashine ya GeneXpert wengi wetu huku Mtwara tunaijua kwa makohozi ya kifua kikuu. Ipo pia katriji (kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine) ya damu iliyooteshwa, yaani iliyowekwa kwenye chupa zenye virutubisho ili vimelea viongezeke. Inatambua bakteria Staphylococcus aureus na kusema kama ni yule sugu kwa dawa kama kloksasilini, MRSA, kwa saa moja hivi.

Hatua ya 1: Kutoa damu
Toa kabla mgonjwa hajaanza antibayotiki. Safisha ngozi kwa spiriti ya asilimia 70, kisha klorheksidini, halafu acha ikauke yenyewe kwa sekunde 30. Usipulize, usipepee. Ukishasafisha, usiupapase tena mshipa. Najua kidole huwasha kuutafuta, hasa mgonjwa akiwa ameishiwa maji na joto la Novemba limemchosha. Mvumilie.

Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kila chupa, kutoka mikono miwili. Hapa ndipo tunapopunja. Katika mililita moja ya damu yenye maambukizi, vimelea hai mara nyingi havifiki 10, kwa hiyo ukiweka mililita 3 unacheza bahati nasibu. Uchache huohuo ndio unaotufanya tuoteshe kwanza: ukipima DNA moja kwa moja kwenye damu, ile ya chembe nyeupe za mgonjwa huifunika ya vimelea, na himoglobini huzuia kimeng'enya kisinakili.

Hatua ya 2: Kusafirisha
Chupa zifike maabara ndani ya saa mbili. Zisiingie friji.

Hatua ya 3: Rangi ya Gram kwanza
Chupa ikionyesha kuota, tengeneza slaidi, uipake rangi ya Gram ili bakteria waonekane kwenye hadubini. Endelea na katriji endapo tu unaona vimelea duara vya zambarau, vimejikusanya kama kichala cha zabibu.

Zamani, katika maabara moja, niliiruka hatua hii kwa haraka ya usiku. Katriji ikatoa "hasi", nikapiga simu wodini nikasema "hasi", nikaendelea na foleni. Wodi ikaelewa damu ni safi. Asubuhi sahani ya kuoteshea ilikuwa imejaa Klebsiella, bakteria wa aina nyingine kabisa, makoloni yanayoteleza kama kamasi. Mashine haikukosea. Niliiuliza kuhusu mdudu mmoja, ikajibu kuhusu huyohuyo.

Hatua ya 4: Katriji
Changanya chupa taratibu. Weka mikrolita 50 kwenye kichupa cha kimiminika kinachokuja na katriji, tingisha sekunde 10, mimina vyote kwenye tundu la sampuli, funga, skani, ingiza. Ndani, DNA inapashwa na kupozwa, na kila mzunguko nakala huongezeka takribani maradufu. Mizunguko 30 inaweza kuitoa nakala moja hadi zaidi ya bilioni. Kabla ya kubonyeza, tazama betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, katriji hiyo ni ya kutupa.

Hatua ya 5: Kusoma jibu
S. aureus chanya, MRSA hasi: kwa kawaida kloksasilini inafaa.
Zote chanya: kloksasilini na seftriaksoni hazitasaidia; mpigie daktari sasa hivi, azungumzie vankomaisini.
Zote hasi: vimelea vipo, umeviona mwenyewe kwenye slaidi, ila si S. aureus. Chupa moja tu ikiwa imeota, shuku vya ngozini, urudi kumwuliza aliyetoa damu alisafishaje. Chupa zote zikiota, usidharau.
Jibu batili au hitilafu: rudia kwa katriji mpya.

Vyovyote itakavyokuwa, otesha kwenye sahani upate usugu kamili, kwani katriji haijui gentamaisini wala dawa nyingine nyingi.

Kwa jibu la "zote hasi", siku hizi fomu yangu haina neno hasi peke yake. Ninaandika: "Vimelea vimeonekana kwa rangi ya Gram. S. aureus haikupatikana. Msisimamishe dawa kwa jibu hili, kalcha (uoteshaji) inaendelea." Kisha napiga simu, namwomba muuguzi anisomee alichoandika.