Somo: Pendekezo la Kurekebisha Katiba Hukwama Wapi, Jimboni au Taifani?

Katiba ya Marekani imerekebishwa mara 27 tu tangu ianze kutumika mwaka 1789, ilhali ile ya California ya mwaka 1879 imekwisha kurekebishwa zaidi ya mara 500. Tulifuate pendekezo moja hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kupendekeza. Ibara ya Tano ya Katiba ya taifa hudai theluthi mbili ya kura katika Seneti na katika Baraza la Wawakilishi. (Majimbo 34 pia yanaweza kudai mkutano maalumu wa katiba, lakini njia hiyo haijatumika hata mara moja.) Texas nayo hudai theluthi mbili katika mabaraza yake mawili, kwa hiyo hadi hapa ugumu unakaribia kulingana.

Hatua ya pili ni kuridhia, na mzigo wenyewe uko hapa. Texas huwauliza wapiga kura, na wingi wa kawaida unatosha. Katiba ya taifa huhitaji majimbo 38 kati ya 50, kwa kawaida kupitia mabunge yao. Na kwa kuwa kila bunge la jimbo, isipokuwa la Nebraska, lina mabaraza mawili, baraza moja likikataa katika kila jimbo kati ya majimbo 13, pendekezo limekwama. Marekebisho ya haki sawa kwa wanawake yalipitishwa na Kongresi mwaka 1972, lakini muda uliowekwa ulikwisha mwaka 1982 yakiwa yameridhiwa na majimbo 35.

Njia nyingine ya kupendekeza ipo katika baadhi ya majimbo tu: raia kuliruka bunge kwa kukusanya saini. Kwa njia hiyo, mwaka 2002, Florida iliingiza katika katiba yake katazo la kuwafungia nguruwe wenye mimba katika vizimba finyu, jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili sheria ya kawaida.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, je, majimbo yote huwauliza wananchi?
Jibu: Hapana. Delaware hutosheka na theluthi mbili katika mabunge mawili yanayofuatana, uchaguzi ukiwa katikati.

Swali: Na Zanzibar, yenye Katiba yake ya mwaka 1984?
Jibu: Tangu mwaka 2010 baadhi ya vifungu vyake haviguswi bila kura ya maoni. Kwa Katiba ya Muungano ya mwaka 1977, mambo fulani yaliyoorodheshwa hudai theluthi mbili ya wabunge wa kila upande, kwa hiyo wabunge wa Zanzibar, ingawa ni wachache, wanaweza kuyazuia.