Kurekebisha Nyuzi za Kuondoa Ukungu kwenye Kioo cha Nyuma: Mwongozo kwa Waafrika Mashariki Wanaoishi Uganda

Mtu aliyehamia Kabale kutoka Mombasa au Dar es Salaam hugundua mapema kwamba kile kitufe chenye picha ya mstatili na mishale mitatu ya mawimbi, ambacho huko pwani pengine hakuwahi kukigusa, huku ni kifaa cha usalama. Mji huo uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mvua pumzi za abiria hugeuka ukungu kwenye kioo cha nyuma hata dereva asiweze kuona bodaboda inayomjia kwenye kona za barabara ya Kisoro. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wenzetu wengi, nyuzi zinapokufa (yaani ile mistari myembamba ya umeme inayokipasha kioo joto), huambiwa wanunue kioo kizima, ilhali mara nyingi tatizo ni mkato usiozidi milimita chache.

Ikiwa nyuzi zote hazipati joto, usianze na kioo. Angalia fyuzi na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwanza, kisha ukague waya zinazopita ndani ya mpira ulio karibu na bawaba za mlango wa buti, kwa kuwa hujikunja kila mlango unapofunguliwa na hatimaye hukatika ndani ya ganda lake bila dalili yoyote kwa nje. Magari yenye mlango mkubwa wa nyuma, ambayo ndiyo mengi tunayonunua yakiwa yametumika Japani, huugua zaidi ugonjwa huu.

Ikiwa ni uzi mmoja au miwili tu, utauona mkato kwa kutumia multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Washa injini, bonyeza kitufe, kisha gusisha ncha nyeusi kwenye chuma tupu cha bodi. Ncha nyekundu izungushie kipande cha karatasi ya alumini ili isikwaruze, uanzie upande wa kioo unaoonyesha takriban volti 12 na uisogeze taratibu juu ya uzi. Uzi mzima hupungua volti kidogo kidogo, ukifika katikati husoma karibu 6. Uzi uliokatika hubaki na volti zilezile mpaka kwenye mkato, kisha hushuka ghafla hadi sifuri. Hapo weka alama kwa nje ya kioo. Kumbuka kwamba magari mengi huzima mfumo huu yenyewe baada ya dakika 10 hadi 15, kwa hiyo ubonyeze tena kabla hujaamini sifuri uliyoiona.

Kinachoziba mkato ni rangi maalumu ya kupitisha umeme yenye chembe za madini ya fedha, ambayo unaweza kuiulizia kwenye maduka ya spea kama yale ya Soko la Kisekka, Kampala. Gundi ya kawaida haifai kabisa, kwa kuwa haipitishi umeme. Zima gari, safisha mahali hapo kwa spiriti, bandika utepe juu na chini ya uzi ukiacha nafasi yenye upana wa uzi wenyewe, kisha paka tabaka mbili au tatu nyembamba zinazopanda kama sentimita moja juu ya sehemu ya uzi isiyokatika kila upande. Bandua utepe kabla rangi haijakauka kabisa, na usiwashe mfumo kwa saa 24.

Kichuma kinachounganisha waya na nyuzi pembeni mwa kioo, kikiwa kimeng'oka, ni kazi ngumu zaidi, maana joto la chuma cha kulehemia likizidi hupasua kioo. Hiyo mwachie fundi umeme mzoefu.

Wanaobandua tinti kwa wembe huziharibu nyuzi zote kwa dakika chache, na mikungu ya matoke iliyosukumwa hadi kwenye kioo huzikwaruza polepole kila safari. Nyuzi ziko upande wa ndani, kwa hiyo kioo kifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, kamwe si kwa kuzikatiza.